Hodi Kwa Bibi

Uji ulimwagika kwa sababu ya fuso. Nasra alikuwa amemwinua mama mkwe wake kitandani, amemwekea mto mgongoni, na kijiko kilikuwa kimekaribia mdomo, ndipo honi ikalia nje kama inalia humo humo chumbani. Bi Somoe akaruka kwa ule upande mmoja uliobaki na nguvu, bakuli likapinduka, na uji ukateremka hadi kwenye shuka lililofuliwa jana yake.

"Nani huyo?" akauliza Bi Somoe. Kiharusi kilikuwa kimempinda mdomo, lakini hakikumnyang'anya adabu ya kupokea wageni.

"Ni gari tu, mama."

"Mwambie apite. Nlango uko wazi."

Nasra akamfuta kwa ncha ya kanga na kujizuia asiseme neno baya. Halikuwa gari la kwanza asubuhi hiyo, wala lisingekuwa la mwisho. Nyumba yao ilitazamana na kona ya Namkuku, kitongoji kidogo upande wa Ziwani, na hapakuwa na dereva aliyeipita kona hiyo bila kupiga honi. Watu walipaita Kwa Bibi. Ilisemwa kwamba barabara ilipochimbwa, kaburi la bibi mmoja lilikatwa na mtambo, na tangu hapo bibi huyo amekaa konani kama mwenye nyumba anayengoja kusalimiwa. Jina lake hakuna aliyelijua. Wala hakuna aliyeweza kuonyesha lilipokuwa kaburi. Lakini ukitoka mjini ukipita Mtawanya, ukiuona ukuta wa udongo mwekundu ulipochimbwa kilima, unapiga hodi. Ukitoka Ziwani ukiona paa la nyumba ya Nasra, nawe unapiga hodi. Mwenye gari la kifahari alipiga, mwenye baiskeli alipiga kengele, na bodaboda walipiga mpaka basi.

Kero ya honi ilikuwa ya Nasra. Aibu yake ilikuwa ya mumewe. Mustafa ndiye aliyekuwa muadhini wa msikiti ulio ng'ambo ya barabara, na sauti yake ilikuwa ya kusifiwa; watu wa vitongoji vya jirani walikuwa wakisema adhana ya Namkuku inamtoa mtu kitandani bila kumchukiza. Sasa mtu kama huyo, anayeita watu kwa Mungu mara tano kwa siku, mbele ya mlango wake magari yanamsalimia marehemu asiye na jina. Wageni wakimtembelea walikuwa wakimtania. "Shehe, kumbe kwenu kuna mkubwa mwingine?" Mustafa alikuwa akicheka nao, kisha jioni nzima hasemi.

"Baba Zawadi," Nasra alimwambia siku ile ya uji, "mimi nimechoka. Mama yako hali akashiba, halali akapumzika. Wewe ni mtu wa msikitini. Huna la kufanya?"

Alikuwa ameyasema hayo kwa hasira za shuka, bila kufikiria mbali. Baadaye angeyakumbuka kila neno.

Mustafa alikuwa nalo la kufanya, na pengine alikuwa akingoja tu mtu wa kumsukuma. Alizungumza na Maalim Abdallah, imamu wao. Ijumaa iliyofuata, wazee wa msikiti na vijana wa madrasa walikusanyika konani, wakasoma dua, ubani ukafukizwa, na nyumbani kwa Nasra ikapikwa pilau ya sadaka. Maalim akasimama kando ya lami akatangaza kwa kipaza sauti kwamba pale hapana mtu, ni barabara kama barabara nyingine, na kumpigia hodi maiti ni kumshirikisha Mungu. Mustafa akapigilia kibao kwenye mti wa mkorosho uliokuwa mbele ya nyumba: HAPA NI BARABARA TU. USIPIGE HONI. KUNA MGONJWA.

Madereva wa mjini walikisoma kibao. Bodaboda walikuwa wameshiba pilau. Honi zikapungua, kisha zikakoma.

Nasra hakuwahi kujua kwamba nyumba yake ina kimya cha namna ile. Alisikia kuku wakiparua. Alimsikia Bi Somoe akikoroma mchana, mkoromo wa raha wa mtu aliyeshiba. Alimwambia Mustafa kwamba amefanya jambo kubwa, na Mustafa akaona haya kidogo, akatoka nje kwenda kukikaza kibao ambacho hakikuwa kimelegea.

*

Jafari alikuwa kijana wa bodaboda wa hapo hapo Namkuku, mtaratibu, asiyependa mbio. Siku hiyo alikuwa akitoka Ziwani kwenda mjini kufuata abiria, akaingia konani upande wake, taratibu kama kawaida yake. Upande wa pili kirikuu kilichobeba mabomba ya maji kilikuwa kikiteremka kutoka Mtawanya. Kilipofika katikati ya kona kikahama upande wake, kikaja upande wa Jafari.

Nasra alikuwa akimenya mihogo uwanjani. Alisikia breki, kisha kishindo, kisha mabomba yakibingirika kwenye lami kwa muda mrefu. Akakimbia na kisu mkononi. Jafari alikuwa amekaa chini kando ya barabara, mguu mmoja umelala kinyume, akimtazama Nasra kwa mshangao zaidi kuliko maumivu.

"Shangazi, sikumwona," akasema. "Wallahi sikumwona. Alitokea tu."

"Na mimi sikumwona!" dereva wa kirikuu naye akawa anarudia, mikono kichwani. "Kona ilikuwa nzuri tu, mara ikanibana."

Jafari alipelekwa hospitali mjini, mguu ukafungwa plasta kuanzia pajani. Kabla wiki haijaisha, gari aina ya Noah na fuso vilikwanguana pale pale, vioo vikamwagika, lakini watu wakatoka wazima. Halafu pikipiki nyingine ikaingia kwenye mihogo ya jirani. Ndipo maneno yakaanza, na hayakuwa na haja ya kipaza sauti.

Nasra alikuwa akiuza vitumbua asubuhi kwenye kijiwe cha bodaboda. Kwa kawaida alirudi na ndoo tupu na kanga inanukia mafuta. Sasa alirudi na ndoo nzito. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia vizuri tu, wakasema leo wamefunga, au tumbo linauma, au wamekunywa chai nyumbani. Mama mmoja aliyenunua kwa kusahau alimrudishia kitumbua kikiwa kimeumwa upande, akasema hakikuiva. Nasra alikipokea. Alikila mwenyewe njiani, kilikuwa kimeiva vizuri, na machozi yakamtoka huku anatafuna.

"Wanasema tumemfukuza Bibi," alimwambia Mustafa. "Wanasema tuchinje mbuzi pale, nawe umwombe radhi."

"Nimwombe radhi nani?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Sitaomba radhi kwa udongo, Mama Zawadi."

Nasra hakubishana. Hata yeye hakuamini mambo ya Bibi, au tuseme hakuyaamini mchana. Lakini binti yao Zawadi alikuwa darasa la nne, na kila asubuhi yeye na wenzake walipita konani kwa miguu kwenda shule, chini ya ule ukuta wa udongo, ambapo lami ilikuwa imegusana na ukuta na hapakuwa na hata nafasi ya kuweka mguu nje ya barabara. Nasra alikuwa amezoea kumuaga mtoto mlangoni na kurudi kwenye kazi zake. Siku hizi alisimama mpaka sare ya mwisho ipotee nyuma ya ukuta, kisha akaendelea kusimama akisikiliza.

*

Yule mtu wa barabara alikuja bila kelele, na gari lenye taa ya njano juu. Alikuwa peke yake na dereva, amevaa kizibao cha kung'aa, na alikuwa akipima kona kwa kamba na kile kifaa cha kusimama kwa miguu mitatu. Nasra alimpelekea maji. Aliyanywa yote, akashukuru, akasema anaitwa Isaya.

"Karibu, mhandisi."

"Mimi si mhandisi, mama. Ni fundi sanifu. Mhandisi yuko ofisini." Akacheka. "Hizi ajali za hapa zimetufikia. Nimetumwa kuangalia."

"Umeona nini?"

Isaya akamtazama kama anayepima iwapo swali ni la kweli. Kisha akaokota kijiti, akachuchumaa, akachora mchangani.

"Kona nzuri inajipinda sawasawa mwanzo hadi mwisho. Hii inaanza pana. Dereva anayetoka mjini anateremka, anaona nyepesi, haondoi mguu kwenye mafuta. Akifika hapa," akakaza mchoro, "inajibana. Na lami yenyewe ilitakiwa imwegemee ndani ya kona. Hii imelalia nje, kwa hiyo inamsukuma kulekule kwa mwenzake. Na mwenzake hamwoni, kwa sababu ya huu ukuta. Wanaonana wakiwa wamekwisha kufikiana."

"Kwa hiyo ni barabara."

"Ni barabara. Dereva naye ana lake, lakini kona hii inamdanganya hata mtu mtaratibu."

Nasra akamkumbuka Jafari. "Itatengenezwa lini?"

Isaya akasimama na kujipangusa magoti. Alisema wataandika, na mwaka wa fedha ujao, ikipitishwa, watachonga ukuta na kuinua lami. Vibao vya tahadhari anaweza kuviombea mapema, ingawa vilivyowekwa awali viling'olewa na wauza chuma chakavu. Alikuwa akisema kweli na alionekana kuona aibu ya kuisema.

"Ila kitu kimoja sikielewi," akaongeza. "Kona hii ina miaka, na haikubadilika. Kwa umbo hili mngekuwa mnazika kila mwezi. Mbona kumbukumbu za ajali zinaanza juzi tu?"

Nasra akasita. Kumweleza mtu wa ofisini habari za Bibi kulimtia haya, kama kumwonyesha mgeni jikoni kusikofagiliwa. Akamweleza hata hivyo: kaburi, hodi, honi, uji, dua, kibao. Isaya alianza kucheka Nasra alipofika kwenye baiskeli zinazopiga kengele. Alipofika kwenye kibao, kicheko kikamwisha.

"Mama," akasema polepole, "wale watu walikuwa wanaambiana. Huyu anapiga, yule wa upande wa pili anasikia kabla hajamwona, anapunguza. Mlikuwa na alama ya barabarani isiyoweza kuibwa."

Nasra akageuka kukitazama kibao cha mumewe. Kilikuwa kimepigiliwa vizuri. Akakaa chini pale pale, juu ya mchoro wa Isaya.

*

"Kitoe," alimwambia Mustafa jioni hiyo. "Kitoe kibao, uandike wapige honi."

Alimweleza yote aliyoyasikia. Mustafa alisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu wa kukata maneno ya mwenzake. Kisha akawa anakunja na kukunjua kofia yake.

"Nikikitoa, watasema nini?"

"Waseme watakalo."

"Watasema muadhini amemwogopa Bibi. Watasema dua haikufua dafu. Watu walioanza kuacha mambo haya watayarudia, na safari hii ushahidi wao nitakuwa mimi. Mama Zawadi, hilo si jambo dogo kwangu."

"Mguu wa Jafari nao si jambo dogo."

"Sikusema ni dogo." Sauti yake haikupanda. "Waeleze. Kama ni barabara, waeleze ni barabara. Watu wana akili."

Kwa hiyo kesho yake, ndoo ya vitumbua mkononi, Nasra aliwaeleza. Kijiweni palikuwa na vijana wengi wamekaa juu ya pikipiki zao, na mwenyekiti wao alikuwa Fredi, ambaye wazazi wake walihamia kufanya kazi bandarini na yeye akaoa huku huku. Nasra akazungumza juu ya lami iliyolalia nje na kona inayojibana. Alitumia mikono, akatumia mfuniko wa ndoo, akazunguka mpaka kanga ikamlegea. Walimsikiliza kwa heshima, huku wakikonyezana.

"Mama Zawadi," Fredi akasema, "sisi kona hii tumeikuta iko hivi hivi. Haijabadilika hata kidogo. Sasa leo imekuwa mbovu vipi?"

"Ilikuwa mbovu siku zote. Honi ndiyo iliyokuwa ikituokoa."

"Honi tulikuwa tunampigia Bibi. Bibi mmemfukuza. Sasa tumpigie nani, ukuta?"

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililomwuma zaidi.

"Mpigieni anayekuja upande wa pili."

"Anayekuja si ananiona?"

"Hakuoni!"

"Mimi nina macho, shangazi," akasema mwingine. "Sema tu kama Bibi karudi. Akirudi tutapiga, nani anataka kuvunjika kama Jafari? Lakini kupiga kelele bure mlangoni kwa mgonjwa, tena kibao kimeandikwa? Hiyo itakuwa utovu wa adabu."

Watoto wa shule walikuwa wakipita wakati huo, makundi makundi, wakielekea konani. Nasra alimwona Zawadi katikati yao, begi linampiga mgongoni, akimsimulia mwenzake jambo kwa mikono yote miwili. Hakumwona mama yake. Kundi likakaribia ukuta.

"Amerudi," Nasra akasema.

"Nani?" Fredi akauliza, ingawa alijua.

"Bibi. Mimi ndiye ninayekaa pale. Nawaambia amerudi, na anataka hodi yake."

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja alivua kofia. Fredi akashuka kwenye pikipiki, akaja taratibu hadi kwenye ndoo, akachukua vitumbua na kuwagawia wenzake mmoja mmoja, na wote wakala kama watu waliohudhuria msiba.

*

Honi zilirudi siku hiyo hiyo kabla ya adhuhuri. Bi Somoe aliamka akashtuka, akauliza ni nani, akasema apite. Nasra akamhamishia kitanda chumba cha nyuma, ukuta wa mbali na barabara, na akamwomba radhi kwa sauti ndogo ambayo mgonjwa hakuisikia.

Mustafa aliporudi kutoka shamba la mikorosho aliziona nyuso za watu kabla hajazisikia honi. Waliompa mkono walimpa mikono miwili. Mzee mmoja alimwambia, "Umefanya uungwana kumrudisha." Akaingia ndani, akaweka panga chini.

"Nani kawaambia?"

"Mimi."

"Umewaambia Bibi karudi?"

"Nimewaambia."

"Umesema uongo, Nasra." Alikuwa hamwiti kwa jina lake tangu Zawadi azaliwe.

"Nimesema uongo. Nilisema kweli kwanza, wakanicheka. Wanauliza honi ni ya nani, na mimi ninataka ilie tu. Nia yao wataulizwa wao, mimi nitaulizwa yangu."

"Maalim ameshanitumia mtu. Ijumaa nisimame niwaambie watu kwamba habari hizi hazikutoka kwangu, na kwamba pale hapana kitu."

"Simama uwaambie." Nasra alisema kwa utulivu. "Lakini kabla hujawaambia, kesho umpeleke mwanao shule wewe mwenyewe. Kwa miguu. Mpite chini ya ule ukuta."

Alimpeleka. Nasra aliwatazama kutoka uwanjani, mtu mrefu mwenye kanzu na kitoto chenye begi. Walikuwa wamefika pembamba kabisa, pale lami inapogusa udongo, ndipo honi iliposikika kutoka Mtawanya. Gari lenyewe halikuonekana. Mustafa akasimama. Akamwinua Zawadi, akajibana naye kwenye mfereji mdogo uliochimbwa na mvua ukutani. Na hapo akaona kitu ambacho Nasra naye alikiona kutoka upande wake: upande wa Ziwani, mwenye pikipiki alikuwa amekwisha kusimama pembeni, mguu chini, akingoja kitu ambacho jicho lake lilikuwa bado halijakiona. Fuso likatokea. Likafika katikati ya kona, likahama upande wake kama walivyohama wengine wote, likapita kwenye lami tupu ambako pikipiki ingekuwa.

Mwenye pikipiki akawasha, akapiga honi yake, akaenda zake. Mustafa alikaa pale ukutani na mtoto kifuani kwa muda, hata Zawadi akaanza kulalamika kwamba atachelewa.



*

Msikiti ulijaa. Nasra alikaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, mahali ambapo kitambaa kilikuwa kimechanika kidogo. Baada ya swala Maalim Abdallah akawaomba watu wasitoke. Alikuwa mpole na alimpenda Mustafa. Ilionekana kwamba anamtengenezea njia ya kujisafisha.

"Ndugu yetu Mustafa ana neno. Kuna uvumi umetokea, umetumia jina la nyumba yake. Simama, Mustafa. Neno moja tu linatosha. Waambie kwamba pale konani hapana kitu."

Mustafa akasimama. Kwa mtu aliyezoea kupaza sauti, alianza chini sana.

"Habari ilitoka nyumbani kwangu," akasema. "Asilaumiwe mwingine yeyote."

Mnong'ono ukapita. Nyuma ya pazia wanawake wakamgeukia Nasra.

"Ile kona ni mbovu," Mustafa akaendelea. "Imejengwa vibaya. Ukiingia hapo humwoni mwenzako, wala yeye hakuoni. Nimekwenda nikaona kwa macho yangu."

"Sawa," akasema Maalim. "Na hilo jingine?"

Jafari alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mguu wa plasta umenyooshwa mbele, magongo yameegemea ukuta. Akanyoosha mkono.

"Shehe Mustafa, samahani. Sisi wa pikipiki tunataka kujua jambo moja tu. Tupige au tusipige?"

"Pigeni."

"Kwa hiyo yupo."

Nasra alishika pazia. Alijua mumewe ana jibu. Lilikuwa jibu fupi, la kweli, alilolisema maisha yake yote, na Maalim alikuwa ameinamisha kichwa akilingoja kwa matumaini. Mustafa aliutazama ule mguu mweupe.

"Pigeni honi, Jafari," akasema.

"Mustafa," Maalim akaita kwa upole, "umeulizwa kama yupo."

"Nimesikia, Maalim."

Akakaa. Watu wakaanza kuinuka na kutafuta viatu. Kila mmoja alikuwa amekwisha kupata jibu alilolifuata, na halikuwa la Mustafa.

Maalim Abdallah aliwafuata hadi nyumbani. Hakutaka kuingia ndani. Alisimama na Mustafa chini ya mkorosho, mbele ya misumari iliyobaki pale Mustafa alipoking'oa kibao, na Nasra aliwasikia akiwa dirishani.

"Siwezi kusema wewe ni mshirikina, ninakujua. Lakini siwezi pia kukuacha uite watu kwenye swala, na nusu yao wanaamini unaliheshimu lile kaburi. Pumzika kidogo. Sudi ataadhini."

"Sudi bado anajifunza."

"Atajifunza."

"Sawa, Maalim."

Wakapeana mikono. Maalim akavuka barabara, akiangalia kushoto na kulia, na alipofika katikati pikipiki ikapiga honi nyuma ya ukuta, akaharakisha kidogo, kanzu mkononi.

Alasiri ilipofika, Mustafa alikuwa amekwisha kutawadha. Alikaa kwenye kigogo uwanjani, maji yakimdondoka kwenye ndevu, na Nasra alikuwa karibu naye akipepeta unga wa muhogo. Alikuwa ametaka magari yapige honi tu. Hakutaka kumnyang'anya mume wake kitu pekee ambacho watu walimsifia.

Kipaza sauti kikakoroma ng'ambo ya barabara, kikapiga mluzi, na Sudi akaanza. Sauti yake ilikuwa nyembamba na iliogopa. Alivuta pale pasipovutwa, akakata pale penye kuvutwa, na kwenye neno la tatu pumzi ikamwisha akaanza upya. Midomo ya Mustafa ilikuwa ikimfuata, kimya, ikimtangulia kidogo kila alipokaribia kukosea. Fuso likateremka kutoka Mtawanya na honi yake ikaimeza nusu ya adhana, pikipiki ikajibu kutoka Ziwani, vyote viwili vikapita salama.

Sudi akamaliza. Mustafa akajifuta uso, akasimama, akaweka kofia kichwani.

"Ana sauti nzuri, yule kijana," akasema.

Nasra hakuinua macho kwenye ungo. "Nzuri sana, Baba Zawadi," akajibu.